Sanda Isiyo na Mgongo

Boston, Desemba 13, 1920

Dada yangu Abina,

Nakuandikia nikiwa nimesimama, karatasi iko juu ya meza ya kukandia, kwa hiyo ukiona doa jeupe ujue ni unga wa mkate wa watu. Mimi mzima, isipokuwa magoti yananisumbua tangu baridi ianze. Bibi mwenye nyumba ameleta jiko jipya na ananisifia supu mbele ya wageni, halafu wageni wakiondoka ananiuliza nimetia chumvi kiasi gani. Jumapili niliwasha mishumaa kwa ajili ya Baba na Mama, Mungu awarehemu, na Michael wangu, Mungu amrehemu, na hata Tim wako, Mungu amrehemu, ingawa mumeo huyo hakunipenda hata siku moja.

Sasa nieleze, dada. Magazeti ya hapa yamejaa Cork. Leo muuza maziwa amenipa lake, akasimama anitazame nikisoma. Wanasema Barabara ya Patrick imeungua upande mzima, Ukumbi wa Jiji umekwisha, na maktaba imeteketea na vitabu vyake vyote. Gazeti moja linasema waliotia moto ni askari wa Mwingereza. Jingine linasema serikali huko London inadai wenyeji wamejichomea wenyewe. Nani anachoma duka lake Krismasi ikiwa mlangoni? Nataka kujua kila kitu: moto ulianzia wapi, ukarukia wapi, wazima moto walikuwa wapi, nani alikimbia na nini mkononi. Na ile saa ya mnara wa Shandon, bado inadanganya kwa nyuso zake zote nne?

Hayo yote nayauliza ili nisiulize moja. Duka la Lattimer liko upande upi wa barabara? Najua Denny analala juu ya duka pamoja na wauzaji wenzake, ndiyo desturi ya maduka ya nguo. Nilikuachia mwanangu akiwa na miaka saba, meno ya mbele hana. Sasa ni mwanamume anayepima vitambaa, na mimi sura yake siijui ila kwa picha moja. Niandikie jina lake na neno “mzima”. Hata kadi tu inatosha.

Mdogo wako,
Julia


Cork, Desemba 28, 1920

Mdogo wangu Julia,

Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa upya kwa gundi mbaya, kama barua zote za mji huu siku hizi. Basi nawasalimu wewe na mabwana wote mnaosoma pamoja. Natumaini unga haukuwapalia.

Mimi nipo. Kifua kinakohoa asubuhi tu, jioni kinanyamaza. Krismasi tulikula bata bukini mwembamba kuliko Nell Cremin, na Nell mwenyewe alikuwepo mezani, hivyo niliweza kulinganisha. Anakusalimu. Mdomo wake bado hauna mlango.

Umeuliza habari za moto. Ulikuwa usiku wa Jumamosi, baada ya saa ya amri ya kutotoka nje, kwa hiyo waliokuwa barabarani ni wale wenye ruhusa ya kuwa barabarani. Zaidi ya hapo chora mwenyewe. Wazima moto walifika, mipira yao ya maji ikakutwa imekatwa, na mpira wa maji haujikati. Asubuhi yake nilishuka kutazama. Unajua nilichokishangaa? Si majengo. Ni kwamba kutoka kona ya Barabara ya Patrick niliona mto, mahali ambapo maisha yangu yote sijawahi kuuona mto, kwa sababu kilichokuwa kinauzuia kimekuwa majivu. Watu walikuwa wanatembea polepole wakisalimiana kwa kichwa, kama wako kanisani. Farasi mzee wa muuza makaa, Mungu amrehemu, alikufa kwa kihoro zizini. Lattimer ilikuwa upande ulioungua.

Kuhusu Denny. Alirudi nyumbani Jumapili, mweusi kwa moshi kichwani hadi miguuni. Jumatatu alilala chumba cha mbele, kwenye kitanda cha Mama, Mungu amrehemu, na juu yake ile sanda yangu ya kahawia niliyojiwekea mwenyewe kwa siku yangu. Mtaa mzima ulikuja. Nell alisimamisha saa ya ukutani, kama desturi ya matanga. Ugoro wa wageni ulitosha na chai ilitosha. Jumanne jeneza lilipanda gari la farasi kwenda kwetu mashambani. Huko mbele usinihoji.

Usipeleke jina lake kwa padri. Mambo ya misa niachie mimi. Barua hii isome mara mbili.

Dada yako,
Abina


Boston, Januari 16, 1921

Dada Abina,

Hii inakuja kwa mkono wa Sista mmoja anayerudi kwao Kanturk. Ameniapia hakuna askari atakayethubutu kumpekua, na ukimwona sura utaamini. Mpe chai nzito.

Nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa: barua yako iliniangusha. Kabla haijafika, binamu wa Nell Cremin wa hapa Boston, ambaye Nell alikuwa amemwandikia, alikuwa ameshanishika mlangoni mwa kanisa, machozi yanamtiririka, “Pole Julia, nimesikia mmemlaza kijana wenu kwa heshima kubwa.” Nikamwambia amechanganya majina. Kisha ikaja yako. Nikavaa nyeusi. Bibi mwenye nyumba akanipa siku mbili za kupumzika, na akajipikia mwenyewe, masikini, nyumba nzima ikanuka.

Siku ya pili nilienda kwa padri kumwombea Denny misa. Najua ulinikataza, lakini mama gani angetii hilo? Nikawa nimekaa kwenye benchi namsubiri, nikaitoa barua yako niisome mara ya pili kama ulivyosema. Nikaona kitu. Mama umemrehemu. Farasi wa muuza makaa umemrehemu! Jina la Denny umeliandika, ukaandika sanda, ukaandika jeneza, na mahali popote hukuweka “Mungu amrehemu”. Abina, mimi na wewe tumelelewa na mwanamke aliyetupiga kofi kwa kumtaja marehemu bila maneno hayo. Wewe ungesahau kuvaa viatu kabla ya kusahau hilo. Na neno “alikufa” umempa farasi peke yake, kwa Denny halimo, nimelitafuta kwa kidole mstari kwa mstari kama mtoto anayejifunza kusoma.

Padri akatoka akaniuliza, “Misa ya nani, mama?” Nikamwambia, “Baba, sijui kama yupo wa kuombewa.” Akanitazama kwa huruma, akaniambia niende nikale.

Basi nakuuliza, dada, na jibu lako nitalipokea likiwa vyovyote. Ulisahau, au ulikataa? Kama ulikataa, niambie yote. Kwa nini sanda? Kwa nini jeneza? Nani alidanganywa, na mimi nimo? Usiku silali na mchana nachoma mikate.

Julia


Cork, Februari 20, 1921

Julia, mdogo wangu mwenye macho ya mwewe,

Nilikataa.

Sista wako amefika, amekula mayai mawili, ameitoa barua yako ndani ya kitabu cha sala. Hii inaondoka na mpishi wa meli, kijana wa mtaani kwetu, anaificha mahali ambapo sikumuuliza. Kwa hiyo leo nasema yote. Nisamehe kwa mwaka mpya niliokupa. Nilijua askari wataisoma barua ile kabla yako, na walihitaji kuamini. Kuandika uongo mbele ya askari naweza. Lakini kumwombea rehema ya wafu mtoto aliye hai? Mkono uligoma. Ningekuwa namwita Ziraili kwa jina.

Anza na glavu. Ijumaa kabla ya moto, askari mmoja wa Kiingereza, afisa, aliingia Lattimer kununua glavu za ngozi. Unajua wanavyouza: mteja anaweka kiwiko juu ya kimto, muuzaji anatia poda ndani ya glavu, anamvalisha kidole baada ya kidole. Denny ndiye aliyemvalisha. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto wa bwana yule kimepinda kama ndoana, hivyo ilibidi Denny aipanue glavu hapo kwa kipanulio cha mti. Wakataniana, bwana akashukuru, akaenda zake. Siku iliyofuata, usiku, milango ya Lattimer ikavunjwa. Vijana wakakimbilia juu ya paa, wakashukia uchochoro wa nyuma, na huko Denny akauona mkono umeshika debe la petroli. Glavu mpya, na kidole kidogo kimetuna palepale alipokipanua yeye.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Wetu, Jumapili asubuhi, watu wamejaa Barabara ya Patrick wanatazama moshi, akasema kwa sauti kubwa: “Mmoja wao namjua, juzi nimemvalisha glavu!” Mdomo ule ni wako, Julia, mimi sikumfundisha.

Akaja nyumbani anakohoa majivu, usoni malengelenge. Nikampaka mafuta ya bata bukini mpaka akang'aa kama mshumaa, nikamlaza. Blanketi zangu zilikuwa zimekwenda kwa akina Foley waliounguliwa na kila kitu. Nyumba baridi, mtoto anatetemeka. Nikatoa sanda kabatini nikamfunika. Ni sufu nzuri ile. Unaijua ni ya mbele tu, haina mgongo, maana maiti halali kifudifudi, lakini ya mbele ilitosha. Akalala usingizi mzito hadi Jumatatu.

Jumatatu hiyo Nell akaja kuazima sukari. Mimi niko uani nachota makaa. Akachungulia dirishani, akaona kijana amelala chali, uso mweupe, sanda ya kahawia hadi kidevuni. Nimlaumu vipi? Mtaani kwetu nani anamfunika sanda mtu anayepumua? Akaangua kilio cha kusikika hadi Limerick. Nikija na ndoo yangu ya makaa nakuta nyumba ina matanga. Nell amesimamisha saa, mwingine amefunika kioo, mishumaa inawaka, sahani ya ugoro iko kifuani pa mtoto, na wanawake saba wamepiga magoti wanalia. Nikafungua mdomo niwaulize, “Nyie, mmerogwa?”

Hapo lori likasimama mlangoni.

Mdomo nikaufunga. Sikusema uongo, mdogo wangu. Sikusema chochote. Nilipiga magoti kichwani pa kitanda nikaanza rozari kwa Kiairishi, kile cha kwetu mashambani, ambacho hapa mjini anakielewa Denny peke yake kwa sababu nilimlea nacho. “Salamu Maria umejaa neema, Denny usifungue macho, Bwana yu nawe, askari wako mlangoni, umebarikiwa kuliko wanawake wote, na ukikohoa nitakuua mwenyewe.” Wale wanawake wakaitikia “Amina” kwa uchungu. Walidhani ni sala za kale.

Nikaona kope zake zimetikisika. Ameamka. Amesikia.

Akaingia afisa mmoja, kofia yenye shungi ameivua. Akasimama miguuni pa kitanda kitambo kirefu. Nell, ambaye kwake mgeni wa matanga ni mgeni, akamsogezea ugoro! Bwana akautazama, halafu kwa adabu akavua glavu, akachukua kidogo kwa vidole viwili, na nikakiona kile kidole chenye ndoana. Unga wa ugoro ukarukia hewani, nao ukashuka taratibu kuelekea pua ya mwanao. Nikaangua kilio nikamwangukia usoni, nikambana pua kwa bega langu. Alipiga chafya moja, ndani ya shali yangu. Nami nikapiga yangu juu yake, kwa nguvu, na wanawake wakaniambia, “Pole Abina, huo ugoro.”

Yule bwana akasema, “Huyu aliniuzia glavu.” Kisha akasema, “Alikuwa kijana mwenye adabu.”

Nikamjibu, “Alilelewa hivyo.”

Akainamisha kichwa akatoka. Nimemfikiria mno tangu siku ile, Julia. Alikuja kuhakikisha shahidi amekufa? Au alikuja kuona kama mtoto aliyetaniana naye ameungua mle? Mwizi wa kawaida ningemwelewa. Huyu simwelewi, na inanikera kwamba bado nataka kumwelewa.

Fundi seremala Batty na mwenye gari la farasi ndio niliowaambia ukweli, hakuna wengine. Jumanne Denny alitoka Cork ndani ya jeneza, amevaa sanda juu ya suruali na viatu, na askari wa daraja la magharibi wakapiga saluti. Kwa binamu zetu, mbele ya Macroom, akafufuka akaomba viazi. Jeneza lilirudi, Batty anahifadhi mbegu za viazi humo. Baada ya wiki tatu akapata meli ya makaa ya kwenda Cardiff, aingie kazini humo humo na kutafuta njia ya kuja kwako. Aliondoka na sanda yangu chini ya koti, kwa baridi, na mfukoni mwa kizibao ameondoka na ufunguo wa saa ya ukutani. Yeye ndiye aliyekuwa anaijaza kila Jumapili akija kula. Tangu Nell aisimamishe imesimama, nami siwezi kuitengeneza. Watu wanadhani ni uchungu.

Tangu hapo sijapata neno. Hii ndiyo kweli, na ni mbaya kama ile ya uongo: sijui yuko wapi. Akifika, mpe chakula, kisha fua sanda yangu unirudishie. Nimekula chumvi nyingi na sina nia ya kuzikwa na aproni. Ikinifikia, nitajua amefika, na hutahitaji kuandika jina lake.

Abina


Boston, Aprili 3, 1921

Dada,

Salamu za hapa ni fupi: wazima wote, theluji imeyeyuka, bibi mwenye nyumba ana mafua.

Nilicheka barua yako mpaka nikakaa chini, na nilipokuwa chini nikalia. Lakini hajaja. Kila meli inayotia nanga nakwenda bandarini saa yangu ya mapumziko. Wanashuka vijana wa Kiairishi makundi kwa makundi, wote wana masikio yaleyale na kofia ileile. Jana nilimfuata mmoja mitaa miwili. Aligeuka akaniuliza, “Mama, unanidai?” Anatoka Sligo.

Nataka kukuuliza jambo, usinicheke. Nitamjuaje? Mama mzazi nauliza swali hilo. Picha niliyo nayo ni ya komunyo ya kwanza. Na kuna watu hapa wanaopenda kuwauliza vijana wageni maswali, wengine wanalipwa na ubalozi wa Mwingereza. Siwezi kusimama gatini nikipaza jina lake. Nipe alama. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, ila sura yake anaijua mlezi.

Julia


Cork, Mei 8, 1921

Mdogo wangu,

Mpishi wetu wa meli bado ana kazi na bado ana mahali pake pa kuficha, ashukuriwe Mungu. Barabara ya Patrick sasa ina vibanda vya mbao mahali pa maduka, wanauza kofia na magodoro yenye harufu ya moshi. Nell ananiuliza kila Jumapili misa ya Denny ni lini. Nimemwambia padri ana shughuli. Ananitazama kama mchawi.

Swali lako halikunichekesha. Nilikaa nalo siku nne. Miaka kumi na miwili nimemwita mwanangu bila kukuomba ruhusa, Julia, na nilipofunga kifuniko cha jeneza lile, yeye akinikonyeza, nilijua namfungia kwangu na kumfungulia kwako. Sikulisema katika barua iliyopita kwa sababu lilikuwa linauma. Bado linauma, lakini haki yako ni haki yako.

Masikio usiyafuate. Mpe kitambaa, kitambaa chochote kikubwa, umwambie akikunje. Mtu wa kawaida anakunja kitambaa kama anamfunga mbuzi. Denny atakishika pindo kwenye ncha ya pua, atanyoosha mkono mpaka mwisho wa vidole, pua na kidole, pua na kidole, halafu atakilaza, atakikunja pindo kwa pindo, na akimaliza atakipiga kiganja mara mbili kama anayemlaza mtoto. Hajui kwamba anafanya hivyo. Hata leso yake anaipiga.

Miezi minne ya kimya. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, alikuwa akisema Mama, Mungu amrehemu. Naomba mshindo wake uwe kwenye mlango wako.

Abina


Boston, Juni 26, 1921

Dada Abina,

Hii naitia posta wazi, wasome wanaotaka kusoma. Sisi wazima, joto limezidi, siagi inayeyuka kabla haijafika mezani.

Vazi lako la kahawia limefika. Limepita Cardiff, likapita Halifax, huko likakaa miezi likipakua samaki ili lipate nauli, halafu likaja kwa treni na kwa miguu. Linanuka samaki na makaa. Limekonda, na lina kovu dogo shavuni, lakini halina tundu hata moja.

Lilibisha mlango wa jikoni Alhamisi asubuhi. Nilikuwa nimetoka kuanua nguo, kitambaa cha meza kubwa kiko begani. Nikafungua. Sikusema karibu, dada, sikumpa hata kiti. Nilimsukumizia kitambaa kifuani nikamwambia, “Kunja.” Alishangaa. Kisha akakishika puani. Pua na kidole, pua na kidole. Nilipoona kiganja kinapiga mara mbili, nikakaa sakafuni palepale.

Akaniinua. Akaniambia jina lake hivi: kwamba yeye ni wa Abina, wa Cork.

Nikamwambia najua. Nikamwambia ndiyo, wewe ni wa Abina, na huyu hapa ni mama yako, tutaanzia hapo. Anakula sasa hivi ninapoandika. Anakusifia viazi vyako mbele ya vyangu, mtoto asiye na haya.

Kifurushi chako kinafuata. Usikasirike nilichokifanya ndani yake.

Julia


Cork, Julai 24, 1921

Mdogo wangu Julia, na Denny wangu, Denny wetu,

Hii haitafunguliwa na mtu njiani, nadhani. Tangu mapatano ya kusimamisha vita yaanze, mji umekuwa kama nyumba iliyomaliza matanga. Hakuna amri ya kutotoka nje. Watu wanatembea Barabara ya Patrick jioni nzima kati ya vibanda na magofu, wanatembea tu, hawana wanakokwenda. Sijui kama itadumu. Mimi nami nilitembea, na magoti yangu yanajua.

Barua yako niliipokea nikiwa mlangoni, nikaingia ndani, nikaisoma nimesimama katikati ya chumba cha mbele. Nilikwenda kanisani nikamwomba padri misa ya shukrani. Akauliza, “Kwa ajili ya marehemu Denny?” Nikasema, “Baba, kaa chini kwanza.”

Kifurushi kimefika Ijumaa. Nimekifungua, nimekukasirikia, nimecheka. Nani alikutuma uishonee sanda yangu mgongo? Umeifua, umeipiga pasi, umeitia mgongo wa sufu ya Marekani, vifungo sita na mfuko! Sasa nitazikwa nayo vipi? Na ile karatasi yako iliyobanwa kwa pini kolani: “Maiti hawana haja ya mgongo, wewe unao. Vazi hili livae ukiwa hai.” Mpumbavu wewe. Nimelivaa Jumamosi sokoni. Limenikaa.

Nell aliponiona nalo alipiga ishara ya msalaba akaangusha kabichi. Nikamshika mkono nikamleta nyumbani. Nikamwambia, “Keti, Nell. Nina habari, na safari hii nakupa ruhusa uitangaze mpaka Limerick.” Alilia, akanipiga kwa kikapu, akalia tena, kisha akauliza kwa hasira kwa nini basi aliita wanawake wote wale kwa ugoro wake mwenyewe. Nimemlipia kwa chai.

Alipokwenda nikatia mkono kwenye ule mfuko. Denny, ufunguo nimeuona. Nimepanda kiti, nimeijaza saa kama ulivyokuwa unaijaza, polepole, mpaka ikakataa. Nilikuwa sijui ni saa ngapi. Nikatoka mlangoni kuangalia Shandon, na kila uso unasema lake kama zamani. Nikachagua ule wa magharibi, maana ndio unaotazama huko mliko, nikaiweka yetu kwa huo.

Inachelewa kidogo. Nimeiacha hivyohivyo.

Abina